Kinu Kilichovuka Peke Yake

Nchi yetu haimo kwenye ramani yenu, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta, na mkikuta jambo linalofanana na la kwenu, mjue ni bahati mbaya tu. Sisi tuko mbali sana. Mimi ni mwongoza wageni katika Makumbusho ya Taifa ya Sayansi-Historia, nina sare ya kaki na kofia yenye nembo, na serikali yangu naipenda. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna watu nikiwasimulia kisa hiki huanza kucheka mahali ambapo mimi sioni cha kuchekesha hata kidogo.

Zamani tulikuwa na makumbusho mawili. Ya Sayansi yalikuwa kilimani na ya Historia yalikuwa bondeni. Kisha akaja mwekezaji aliyehitaji kilima kwa ajili ya upepo wake, akapewa kilima pamoja na jengo. Vitu vya Sayansi vikateremshwa kwa malori na kurundikwa kwetu bondeni, darubini juu ya ngoma za vita, mifupa ya mijusi ya kale ndani ya ofisi ya mhasibu. Kwa muda mrefu mhasibu alikuwa akitundika koti lake kwenye ubavu.

Siku moja akaja Mheshimiwa Ezra Mgawe, Waziri wa Mambo Yaliyothibitishwa. Alisimama mlangoni, akautazama ule mrundikano, nasi tukajua ajira zetu zimekwisha. Kumbe wapi! Mheshimiwa alifumba macho, akapumua, akasema, "Huu si mrundikano, ndugu zangu. Huu ni mseto wa taaluma. Nchi zilizoendelea zinautafuta na hazijaupata." Mkurugenzi wetu, Dakta Habakuki, mtu mwembamba ambaye hukubali kwa kichwa kabla hujamaliza sentensi, alipiga makofi mpaka miwani ikamdondoka.

Sera ikatangazwa jioni ile ile. Kila Jumamosi ingekuwa Siku ya Familia: baba, mama na watoto wangekuja kujifunza Sayansi ndani ya Historia na Historia ndani ya Sayansi. Kanuni ilikuwa moja. Hizi mbili zikikutana mbele ya watoto, zisigombane. Zikigombana, Sayansi ndiyo itakayoomba radhi, maana yeye ndiye mgeni ndani ya nyumba.

Basi tukafanya kazi, tena kazi ya kujivunia. Ukiingia tu unakuta Kona ya Sumaku. Mtoto anashika sumaku, anaona misumari inavyoirukia, kisha mimi namweleza kwamba hivyo ndivyo wananchi walivyomrukia Mzee Mwasisi, baba wa taifa letu, siku ya hotuba yake ya kwanza. Mbele kidogo ni Kona ya Mwanga, ambako familia huvaa miwani ya Mwasisi kwa zamu. Wengi hawaoni kitu, kwa kuwa marehemu alikuwa na macho mabovu mno, lakini huwa tunawafahamisha kwamba ule ukungu ni mustakabali. Na mifupa ya mjusi mkubwa tuliitoa kwa mhasibu, tukaisimamisha ukumbini na kuiwekea maelezo haya: MNYAMA HUYU ALIKUFA KABLA YA UHURU KWA KUKOSA HUDUMA.

Ila roho ya makumbusho yetu ni Kinu.

Kinu hicho kiko katikati ya ukumbi, ndani ya kioo. Ni kinu cha kawaida cha kutwangia, ila kikubwa, cha mti mgumu, kimechakaa ukingoni. Kila mtoto wa nchi yetu anakijua kisa chake kabla hajajua kufunga viatu. Wakati wa ukoloni Mwasisi alikuwa kijana, akifukuzwa na askari, akafika ukingoni mwa Mto Luvuge uliofurika. Hakujua kuogelea. Akakiona kinu, akakaa ndani yake na kuvuka mto peke yake, akiwa na bendera moyoni. Hivyo ndivyo anavyoonekana kwenye noti yetu, amekaa ndani ya kinu, mikono kifuani, mawimbi yakimpisha.

Kwenu mtoto akikalia kinu huchapwa, na kwetu ilikuwa hivyo hivyo hapo awali. Tangu Uhuru imekuwa ni uhaini mdogo. Mkesha wa Siku ya Kuvuka, vinu vyote nchini hufunikwa shuka nyeupe, na mwanamke anayetaka kutwanga chochote sharti aombe ruhusa kwa mjumbe wa mtaa na kueleza atatwanga kwa nguvu kiasi gani. Watu wa nje wanatushangaa. Washangae tu, wao wana nini?

Sasa nimlete Bi Kidawa. Huyu ni mama mtu mzima kutoka Luvuge, kijiji kilicho ukingoni pale pale mtoni, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza na khanga mbili zilizofifia. Alikuwa akija kila Jumamosi, anakwenda moja kwa moja kwenye Kinu, anakitazama, halafu ananijia mimi.

"Mwanangu, bado hamjaandika jina la mama yangu?"

"Shikamoo, mama. Bado."

"Marahaba. Mnasubiri nini?"

Madai yake, aliyosimuliwa na bibi yake, yalikuwa haya, nami nayarudia bila kuyaunga mkono. Kwamba siku ile Mwasisi hakuvuka peke yake. Kwamba ukingoni palikuwa na wanawake wanatwanga, wakamwona kijana anatetemeka, wakamtia ndani ya kinu kama mtoto anayeogeshwa, wakaingia majini na kukisukuma mpaka ng'ambo, huku wamekishikilia kwa chini kisipinduke. Kwamba aliyetangulia kuingia majini alikuwa mama yake, Mwanamvua, aliyemwacha Kidawa, bado ananyonya, kwenye mkeka. Kwamba mama huyo alirudi na maji baridi ya mto mapafuni, akaugua homa, akafa.

"Sitaki pensheni," Bi Kidawa alisema. "Sitaki sanamu. Nataka jina tu pale kwenye kioo, Mwanamvua. Nilikuwa mdogo, hata sura yake siijui. Nikifa mimi, hakuna tena anayejua kwamba aliwahi kuwepo."

Nilimpeleka kwa Dakta Habakuki. Mkurugenzi alimpa kiti na chai, akamsikiliza akitikisa kichwa kukubali mwanzo hadi mwisho, halafu akakataa.

"Mama, sisi ni taasisi ya kisayansi. Wewe unatuletea maneno uliyoambiwa na bibi yako."

"Na nyinyi mliambiwa na nani?"

"Na noti," alijibu Mkurugenzi. "Lete ushahidi wa kisayansi, mama yangu, nasi tutaupokea kwa mikono miwili."

Bi Kidawa alimaliza chai yake, akatoka bila kuaga. Nilimwonea huruma, nakiri, lakini huruma si taaluma.

Mambo yalianza kuharibika pale Mheshimiwa alipotaka jaribio jipya la watoto. Liliitwa Elea Kama Mwasisi. Tuliweka beseni kubwa la maji, kinu kidogo cha mfano kilichochongwa kwa mti ule ule, na mwanasesere wa udongo mwenye ndevu za Mwasisi, uzito wake umepigiwa hesabu ili ulingane. Familia zikajipanga, Mheshimiwa akakata utepe. Mtoto wa kwanza akamkalisha Mwasisi ndani ya kinu, akakiweka majini.

Kinu kikapinduka. Mwasisi akazama kichwa chini miguu juu.

Mtoto wa pili akajaribu, Mwasisi akazama. Wa tatu, Mwasisi akazama na ndevu zikabanduka. Kuna baba mmoja aliyewafumba macho watoto wake wote kwa pamoja, sijui alipata wapi mikono ya kutosha. Na mimi niliyekuwa nikisoma maelezo kwa kipaza sauti nikaendelea, "Na sasa, watoto, mnaona jinsi anavyoelea," kwa maana ndivyo ilivyoandikwa.

Kamati ya dharura ikakaa. Ilibaini kwamba kosa ni la udongo. Jumamosi iliyofuata tukaleta mwanasesere wa plastiki, mtupu ndani, naye akaelea vizuri sana. Lakini watoto wa siku hizi, jamani! Msichana mmoja wa darasa la nne akamtoa ndani ya kinu, akamtupa majini peke yake, akaelea vile vile. Akauliza, "Sasa kinu cha nini? Na kwani Mwasisi alikuwa mtupu ndani?"

Tungemfukuza, ila alikuwa Aneti, binti wa Mheshimiwa Waziri.

Mheshimiwa hakumgombeza. Alisimama palepale kando ya beseni, akainua kidole. "Beseni ni dogo," alisema. "Historia yetu haiwezi kupimwa kwa beseni. Siku ya Kuvuka, mimi mwenyewe, kwa mwili wangu huu, nitakaa ndani ya Kinu halisi na kuvuka Mto halisi, mbele ya familia zote za taifa hili. Na hapo Sayansi itanyamaza!"

Dakta Habakuki alikuwa ameshaanza kukubali kwa kichwa, lakini safari hii kichwa kilisita. "Mheshimiwa, hilo suala la maji..."

"Maji yataandikiwa barua."

Na kweli, niliiona nakala. Idara ya Mito iliuagiza Mto Luvuge kutoa ushirikiano.

Siku ya Kuvuka ilikuja na jua zuri. Ukingo mzima ulijaa familia zilizobeba vyakula na maturubai. Kinu kilifika kwa gari la wagonjwa, kimefungwa mikanda. Ng'ambo ya mto palijengwa jukwaa, bendi ikapangwa, kipaza sauti kikawekwa ili Mheshimiwa akifika azungumze na taifa redioni. Bi Kidawa naye alikuwepo, amesimama miguu majini, maana kwao ni pale pale. Nilimwona akiutazama mwili wa Mheshimiwa, halafu kinu, halafu mwili wa Mheshimiwa.

"Mwanangu," aliniambia, "huyo bwana ana wazee?"

"Kwa nini, mama?"

"Nataka kujua nani atapelekewa habari."

Mheshimiwa alikuwa na suti nyeupe. Alihutubia kwa kirefu, akaeleza kwamba kuelea ni uzalendo na kuzama ni hujuma. Kisha akakaa ndani ya Kinu. Kukaa kwenyewe kulichukua muda, kwa kuwa Mwasisi alikuwa kijana mwembamba na Mheshimiwa amelelewa vizuri na wizara. Walinzi wakamsukuma, bendi ikaanza wimbo wa taifa, nacho Kinu kikatoka ukingoni, kikayumba, kikamzungusha Mheshimiwa uso kwetu ili tumwone kwa mara ya mwisho. Kikapinduka.

Loh! Mikono miwili nje ya maji, kiatu kimoja, basi.

Msiwalaumu walinzi. Itifaki yetu iko wazi kwamba mtumishi hamtangulii Waziri katika tukio lolote, nao walikuwa wamejipanga vizuri nyuma yake, wakimsubiri atoke. Dakta Habakuki alikuwa anatafuta kipengele cha kuwaruhusu. Mimi nilishika kipaza sauti cha ukingo wetu na kusoma, "Na sasa, watoto, mnaona jinsi anavyoelea," na Mungu anisamehe.

Aliyeingia majini ni Bi Kidawa. Alijifunga khanga kiunoni, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia makumbushoni. "Nyie wanawake! Mnatazama nini? Mtu anakufa!" Akajitupa. Nyuma yake akaingia muuza maandazi, akaingia mwalimu mmoja aliyeleta wanafunzi, akaingia mama mwenye mtoto mgongoni baada ya kumkabidhi mume wake, na akaingia Mama Aneti, mke wa Mheshimiwa, na kitenge chake cha sherehe na hereni. Wakamvuta juu akitapika maji. Wakakinyanyua kinu, wakamrudisha ndani yake kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kumshika, wakakizunguka, wengine pembeni na wengine chini kabisa, unaona nywele tu.

Walitaka kumrudisha ukingoni kwetu, palikuwa karibu. Mheshimiwa akakataa. Mtu nusu maiti, anang'ang'ania ukingo wa kinu, na anafoka, "Ng'ambo! Ng'ambo! Ratiba inasema ng'ambo!"

Basi wakampeleka ng'ambo. Mto mpana ule, wamemsukuma mpaka mwisho, na watoto wote kwenye ukingo wetu wamesimama juu ya maturubai wanatazama.

Nilivuka kwa daraja, nikafika kwenye jukwaa wakati bendi inamaliza. Mheshimiwa amekwisha kufungwa shuka la bendera. Bi Kidawa alikuwa chini ya jukwaa, meno yanagongana, maji yanamchuruzika mpaka kwenye miguu. Alimshika Mheshimiwa suruali.

"Mheshimiwa, sikuombi kitu kingine. Sema jina la mama yangu hapo. Mwanamvua. Sema mara moja tu."

Mheshimiwa alimtazama. Nilikuwa karibu, nikamwona usoni kwamba amemsikia, na kwamba kwa dakika ile alikuwa mtu tu, aliyekuwa amekwisha kufa na sasa anapumua. Midomo ikamfunguka. Halafu akaliona jukwaa, akaiona bendi, akaona taa nyekundu ya redio inawaka.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimevuka. Na nimevuka peke yangu."

Bi Kidawa aliachia suruali. Mama Aneti, aliyekuwa akikamua kitenge chake, alimwita mumewe kwa jina lake la utotoni, na sitalirudia hapa.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na maonyesho mapya, Kuvuka kwa Pili, pamoja na suti nyeupe ndani ya kioo. Kilele chake kilikuwa shindano la Familia Bingwa, moja kwa moja redioni, zawadi baiskeli. Familia ya Mheshimiwa nayo ilishiriki, na kwa kuwa ilikuwa imeshashinda tangu Jumatano, Aneti alipangiwa swali jepesi kuliko yote. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeuliza, kwa upendo wa baba.

"Aneti, mwanangu. Kwa nini kinu kilielea?"

"Kwa sababu mama alikuwa chini," Aneti alijibu. "Mama, na yule bibi, na wale akina mama wengine."

Mheshimiwa akacheka kidogo. "Fikiri tena, mwanangu."

"Nimefikiri, baba. Wasingekuwepo ungezama. Ulizama, wakaja."

Akageukia watoto wengine ili wamsahihishe, nao wakajibu ukumbi mzima, kwa sauti ile ya kuimba darasani, "Akina mama walikuwa chiniii!" Na redio inarusha.

Mheshimiwa akawa amenaswa pande zote. Akisema jibu ni kosa, binti wa Waziri amefeli mbele ya taifa, na Mama Aneti ameketi mstari wa mbele amekunja mikono. Akisema ni sahihi, noti zote zichapishwe upya. Ndipo Dakta Habakuki, ambaye miaka yote tulimdharau kwa kichwa kile, alipopanda jukwaani na kuliokoa taifa.

"Mheshimiwa, kwa ruhusa yako. Kihistoria, jibu hilo si sahihi. Kisayansi, ni sahihi kabisa."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mheshimiwa alimkumbatia. Papo hapo mafundi wakaitwa, wakachora mstari mwekundu sakafuni kugawa ukumbi. Ukisimama upande wa Historia, Mwasisi alivuka peke yake. Ukivuka mstari kwenda upande wa Sayansi, wanawake walikuwa chini. Familia zikaanza kuruka mstari huku na huku, watoto wakafurahi sana.

Bi Kidawa alikuwa nyuma, karibu na mjusi, anakohoa tangu ile siku ya mtoni. Akanyoosha mkono. "Kama ni sayansi, basi ipeni jina la mama yangu."

Dakta Habakuki akamtazama Mheshimiwa, Mheshimiwa akamtazama mkewe. Ikaonekana hakuna kizuizi, kwani kanuni za sayansi kwa kawaida hupewa majina ya marehemu. Ubao wa shaba ukatengenezwa, ukatundikwa ukutani: KANUNI YA MWANAMVUA. KITU CHOCHOTE KIZITO HUELEA IWAPO KUNA AKINA MAMA CHINI YAKE. Sasa inafundishwa shuleni na inatoka kwenye mitihani.

Siku Bi Kidawa alipokuja kuuona, nilimpokea mwenyewe mlangoni. Nilikuwa na furaha, sifichi. Nilimshika mkono, nikamvusha mstari, nikamsomea herufi kubwa kubwa kama ninavyowasomea wageni rasmi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Soma tena," alisema. Nikasoma tena.

"Na ile homa?" aliuliza. "Na kwamba alikuwa na mtoto kwenye mkeka?"

"Hiyo si kanuni, mama. Kanuni ni lazima iwe kweli kwa kila mtu."

"Basi iandike kule." Akaonyesha upande wa pili wa mstari.

"Kule Mwasisi alivuka peke yake, mama. Kule hakuna aliyelowa."

Alikohoa, akafuta mdomo kwa pindo la khanga. Watu walikuwa wanatupita, baba na watoto begani, nami nikaona nimtie moyo. Nikamweleza kwamba asihangaike kulipa kiingilio siku za kawaida, aje tena Jumamosi, siku hiyo familia huingia bure, aje tu na familia yake.

Bi Kidawa aliinua mkono akaugusa ubao, akapitisha vidole taratibu juu ya jina.

"Ninayo hii tu," alisema, na hakuutoa mkono wake pale mpaka nilipoanza kuzima taa.